Tufani ilipotulia, mashua nyingine nazo zilipona

Leo tutafakari amani. Si ile tunayotakiana kanisani tu, bali ile inayohitajika Jumanne jioni, mfukoni hamna kitu na watoto wanauliza watakula nini.

Mkazi wa Gungu, mjini Kigoma, anaielewa jioni hiyo. Mei 15, 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa njema. Lakini kwa nyumba inayoishi kwa dagaa na migebuka, sababu njema haishibishi. Mvuvi alikaa, mama anayeanika dagaa alikaa, kijana anayebeba mizigo mwaloni alikaa. Marejesho ya mkopo hayakukaa.

Ziwa lilifunguliwa, lakini miezi ya namna ile hurudi kwa sura nyingine: ugonjwa, kazi kuisha, msiba. Ndipo tunauliza, je, Yesu amelala?

Soma Marko 4:35-41. Ndani ya chombo kile walikuwamo wavuvi wazoefu kama Petro na Andrea. Hawakuogopa kwa ugeni. Waliogopa kwa sababu walilijua ziwa. Walimwamsha Bwana kwa lawama, kana kwamba hajali wakiangamia. Naye hakuwafukuza. Alianza kuukemea upepo, ndipo akawauliza habari ya imani yao. Kwa hiyo, ndugu yangu, usione haya kumlilia Mungu kwa uchungu. Kilio hicho nacho ni sala.

Sasa rudi mstari wa 36, ambao wengi tunaupita haraka. Marko anasema palikuwa na mashua nyingine pamoja naye. Upepo ulipokoma, haukukoma kwa Petro peke yake. Ziwa ni moja. Waliokuwa katika mashua zile walipata utulivu uleule, hata kama hawakujua nani aliyeamuru.

Hapo ndipo amani ya Kristo inapojulikana. Ikiishia mlangoni kwako, ichunguze tena. Yakobo 2:15-16 inatuonya tusimwage mwenye njaa kwa maneno mazuri huku mikono yetu ikiwa mitupu. Basi katika jumuiya yenu wiki hii, kabla ya kufunga sala, ulizeni nani hajapika. Unayemdai jirani aliyekwama, mwongezee muda. Mwenye debe la unga apime kisado. Wala usiulize kwanza jirani huyo anasali wapi. Kigoma na Ujiji, Mkristo na Mwislamu wanakula kutoka ziwa moja.

Huenda leo wewe ndiye unayezama. Mwamshe Bwana. Huenda kwako kumetulia. Tazama mashua ya pili.

Bwana atupe amani yake, na atufundishe kuigawa. Amina.