Rais Si Mwajiri wa Gavana

Swali la kwa nini Rais hamfuti kazi gavana aliyeshindwa limeulizwa nchini Kenya tangu kaunti 47 zilipopata serikali zake mwaka 2013, na kila linapoulizwa huzaa dawa ileile isiyotibu: wananchi husubiri msafara wa Rais upite sokoni, wamlalamikie kuhusu zahanati isiyo na dawa na mifereji iliyokauka, kisha waamini kwamba agizo lililotolewa kwenye kipaza sauti litamfunga gavana. Halimfungi. Kifungu cha 6 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba serikali za ngazi mbili, ya kitaifa na ya kaunti, ni tofauti, zinategemeana, na zitahusiana kwa kushauriana na kushirikiana, wala hakitaji popote kwamba moja ni mkubwa wa nyingine.

Wanaong'ang'ania imani hiyo hudai kwamba mwenye kutoa fedha ndiye mwenye kuamuru. Dai hilo halina msingi, kwa kuwa mgao wa kaunti zote, ambao Kifungu cha 203 kinataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya kitaifa yaliyokaguliwa, ni haki ya kikatiba isiyohitaji hisani ya Ikulu. Wengine hukimbilia Kifungu cha 192, kinachomruhusu Rais kusimamisha serikali ya kaunti, lakini hawakisomi hadi mwisho: pasipo vita au machafuko ya ndani, sharti tume huru ichunguze na Seneti iidhinishe, muda hauvuki siku 90, na baada yake hufuata uchaguzi wa kaunti nzima, maana bunge la kaunti husimamishwa pamoja na gavana. Huko Makueni tume ilipendekeza hatua hiyo, na Rais Uhuru Kenyatta akaikataa mwaka 2015. Hata Nairobi ilipoikabidhi serikali kuu majukumu manne Februari 2020, yakiwemo afya na uchukuzi, yalikuwa mapatano yaliyotiwa saini chini ya Kifungu cha 187, ambacho huuacha wajibu wa kikatiba mikononi mwa kaunti yenyewe. Magavana wa Kiambu na Nairobi walioondolewa mwaka huohuo waling'olewa na wawakilishi wa wadi na maseneta.

Sheria nazo hazipangwi kwa ukubwa wa aliyezitunga. Zikigongana katika jambo ambalo ngazi zote mbili zina mamlaka nalo, ya kitaifa hushinda pale tu inapotimiza masharti ya Kifungu cha 191, kama vile kuhitajika kwa usalama wa taifa. Isipoyatimiza, hushinda ya kaunti.

Anayetaka jambo litendeke aanze na Jedwali la Nne, yaani orodha ya majukumu iliyo mwishoni mwa Katiba. Zahanati, maji, chekechea na masoko ni ya kaunti. Polisi, shule za msingi na za upili, barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu, na chifu vilevile ni mtumishi wake. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka husika, na cha 258 kinamfungulia mlango wa mahakama Katiba inapokiukwa. Malalamiko ya zahanati yaandikwe, yatiwe saini na kufikishwa kwa karani wa bunge la kaunti mapema, kwa sababu mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni.