Taa ya baiskeli inayohesabu ajali kabla hazijatokea

Mwendesha baiskeli anayeletwa kwa daktari akiwa amevunjika mtulinga, yule mfupa unaounganisha bega na kifua, huwa amepitia mengi kabla ya siku hiyo. Ukimuuliza, aghalabu atakwambia kwamba mahali alipoangukia amekuwa akipakwepa kwa miezi. Kuna shimo hapo, au matatu huingia kando ghafla bila ishara, na mara tatu nne alinusurika kwa kufunga breki tu. Hizo mara tatu nne hazimo katika kitabu chochote. Polisi hawazijui, hospitali haizijui, na mhandisi wa barabara hana habari nazo.

Hata vifo vyenyewe havihesabiwi vizuri. Shirika la Afya Ulimwenguni, WHO, lilikadiria kwamba Kenya ilipoteza zaidi ya watu 13,000 barabarani mwaka wa 2016, ilhali takwimu rasmi za mwaka huo hazikufika 3,000. Ikiwa maiti inaweza kupotea katika hesabu, sembuse mtu aliyenusurika, akajipangusa vumbi na kwenda zake kazini?

Ndiyo sababu nimevutiwa na chombo kimoja kidogo kilichobuniwa Ireland ya Kaskazini. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka taa ya dainamo, ile iliyosugua tairi na kuzimika mara tu mwendeshaji aliposimama. Taa ninayoizungumzia ni ya ukoo huo huo, ila imeelimika. Kampuni ya See.Sense, iliyoanzishwa mwaka wa 2013 na mhandisi Philip McAleese pamoja na mkewe Irene, hutengeneza taa zenye vihisi ndani yake. Kihisi ni kifaa kinachotambua mabadiliko, kama vile ngozi inavyotambua joto. Kilichomo katika taa hizi hupima mtikisiko na mwendo mamia ya mara kwa kila sekunde, kwenda juu na chini, mbele na nyuma, kushoto na kulia.

Kazi yake ya kwanza ni kumlinda aliye juu ya baiskeli. Taa ikitambua kwamba amefika makutano ya barabara au mzunguko, au kwamba anapunguza kasi, huongeza mwanga na kumetameta haraka zaidi ili dereva aliye nyuma amwone. Kazi ya pili ndiyo inayomhusu daktari. Taa huungana na simu ya mkononi, na simu inajua mahali ilipo kwa msaada wa setilaiti. Kwa hivyo kila breki ya ghafla, kila mara mtu anapoyumba kukwepa kitu, na kila shimo linalomrusha kutoka kwenye kiti, huandikwa pamoja na mahali pake na saa yake.

Breki moja haina maana kubwa. Pengine mbwa alikatiza, au mwendeshaji alimwona rafiki yake. Ni sawa na shinikizo la damu: nikikupima mara moja baada ya kupanda ngazi nikapata kipimo cha juu, sitakuandikia dawa za maisha. Nitakupima tena leo, kesho na wiki ijayo. Vivyo hivyo, watu mia moja wakifunga breki kwa nguvu mahali pale pale, katika siku tofauti na saa tofauti, tatizo si mbwa tena. Tatizo ni mahali penyewe, na mahali panaweza kutibiwa: shimo likazibwa, kituo cha matatu kikasogezwa, au taa za trafiki zikapangwa upya ili wenye baiskeli watangulie kidogo kabla ya magari.

Miji kadhaa imekwisha kujaribu jambo hili. Dublin iliwapa wakazi wake taa hizi, nao wakakubali takwimu za safari zao zikusanywe bila majina. Manchester ilifanya vivyo hivyo chini ya mradi ulioitwa CityVerve. Huko Berlin, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi walianza mwaka wa 2019 mradi wa SimRa, ambao hauhitaji taa yoyote maalumu. Simu iliyo mfukoni hupima mtikisiko, na baada ya safari mwendeshaji huulizwa kilichotokea pale alipoyumba: je, gari lilimpita karibu mno, au mlango wa gari lililoegeshwa ulifunguliwa mbele yake? Mimi binafsi naupenda utaratibu wa Berlin, kwa sababu mashine huonyesha pa kuuliza na binadamu ndiye anayejibu. Hivyo ndivyo tunavyotakiwa kufanya katika chumba cha daktari pia.

Lakini taa ni taa kwanza. Nchini kwetu jua hutua karibu saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi, wakati ule ule ambapo wafanyakazi wa Industrial Area wanarudi nyumbani. Jicho haliwezi kufuata kasi hiyo. Chembe za jicho zinazoona gizani huhitaji hadi nusu saa kuzoea kikamilifu, na kila gari linalokuja na taa kali huzirudisha nyuma. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Akichelewa kukuona kwa sekunde moja na nusu, amekwisha kwenda zaidi ya mita 20 kabla mguu wake haujagusa breki.

Katika mji wa Odense, Denmark, utafiti wa mwaka wa 2004 na 2005 ulishirikisha waendeshaji 3,845. Baadhi yao walifungiwa taa zinazowaka wakati wote, mchana na usiku, na wengine waliendelea kama kawaida. Ajali zilizoleta majeraha zilipungua kwa asilimia 19 miongoni mwa wenye taa, na zile za kugongana na mtu au chombo kingine zilipungua kwa asilimia 47. Ni kweli kwamba washiriki waliripoti ajali zao wenyewe, na aliyepewa taa huenda akajihisi salama akasahau mkwaruzo mdogo. Hata tukipunguza kidogo kwa sababu hiyo, faida inabaki.

Je, hesabu hizi za taa zaweza kutumika Nairobi au Kisumu? Zaweza, lakini kuna mitego. Mahali penye breki nyingi huenda pana waendeshaji wengi tu, kwa hiyo lazima idadi ya breki igawanywe kwa idadi ya waliopita. Na mahali pasipo na breki hata moja huenda ndipo pabaya kuliko pote, kwa kuwa kila mwenye akili zake amepahama. Mtego mkubwa zaidi ni wa pesa. Anayenunua taa ya kisasa na kuiunganisha na simu si yule bawabu anayetoka Kayole alfajiri kwa Black Mamba, wala si muuza mikate mwenye kreti nyuma. Tukiwapima wenye pesa peke yao tutarekebisha barabara wanazopita wao. Kaunti inayotaka kujua ukweli ingetoa taa mia chache bure kwa mabawabu, mafundi na wachuuzi, kisha ikawasikiliza.

Kuna pia suala la siri. Njia unayopita kila siku inafichua unapolala na unapofanya kazi. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na yeyote anayekusanya safari za watu anapaswa kupata ridhaa yao, kuondoa majina, na kukata sehemu ya kwanza na ya mwisho ya kila safari kabla ya kuichora kwenye ramani.

Wakati mradi kama huo haujafika mtaani kwako, usingoje. Funga taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na uiwashe hata mchana. Mahali panapokutisha paandike: jina la barabara, alama iliyo karibu, saa, na kilichotaka kukugonga. Wenzako wa kazini wakifanya hivyo kwa mwezi mmoja, mtakuwa na karatasi ambayo mwakilishi wa wadi hawezi kuiita porojo.

Na ukianguka ukagonga kichwa, usiende kulala ukitarajia kuamka mzima. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo, hata kama hakuna damu. Ukifika huko, au yule aliyekuleta, mwambieni anayejaza fomu mahali hasa ulipoangukia, asiandike tu "ajali ya barabarani".