Sauti ya kompyuta ya mezani: Mteja asiuziwe kifaa asichokihitaji

MFANYABIASHARA wa vifaa vya kompyuta anaporudishiwa hedifoni siku tatu baada ya kuiuza, hupata hasara mara mbili. Kwanza, mali hiyo haiuziki tena kwa bei ya kitu kipya. Pili, mteja aliyeondoka na hasira huwasimulia wenzake. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi hedifoni yenyewe huwa haina kasoro. Kasoro iko kwenye kompyuta iliyochomekwa, au kwenye mipangilio ya programu, na hakuna aliyetumia dakika kumi kuitafuta.

Kinyume chake nacho hutokea. Mteja mwenye hedifoni hafifu hushauriwa anunue kadi ya sauti ya bei kubwa, naye akifika nyumbani husikia sauti ile ile aliyoilalamikia jana. Hapo muuzaji amepata faida ya siku moja na kupoteza mnunuzi wa miaka.

Wanunuzi wa bidhaa hizi si vijana wa muziki peke yao. Wamo wenye studio ndogo, wahariri wa vipindi vya redio, watafsiri, na watumishi wa ofisi wanaofanya mikutano kwa intaneti. Wengi wao hutumia kompyuta za mezani, zikiwamo za mtumba. Kwa mwenye duka Kariakoo au Luthuli Avenue, na kwa anayefikiria kutia mtaji mdogo katika biashara hii, ni vema kujua sauti huharibikia wapi na dawa ya kila tatizo ni shilingi ngapi.

Safari ya sauti

Muziki ulioko ndani ya kompyuta ni tarakimu tupu. Kipimo kilichoanza na sahani za CD mwaka 1982 ni vipimo 44,100 vya sauti kwa kila sekunde, kila kimoja kikiwa na biti 16. Kiwango hicho kinatosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu linaweza kuzipata, kwani ukomo wake ni takriban mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kwa watu wazima wengi huwa chini ya hapo.

Tarakimu hizo hupita vituo vitatu. Cha kwanza ni chipu inayozigeuza kuwa umeme, ambayo wauzaji huiita DAC. Cha pili ni amplifaya inayoupa umeme huo nguvu. Cha tatu ni hedifoni, inayougeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa. Katika kompyuta ya mezani, vituo viwili vya kwanza tayari vimo kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita mazabodi.

Vituo hivi havina uzito sawa. Chipu za siku hizi, hata za bei nafuu, hufanya kazi yake vizuri, na tofauti kati ya chipu ya kawaida na ya ghali ni ndogo mno kwa sikio. Hedifoni ndiyo hutofautiana sana: moja huzidisha besi, nyingine huficha sauti ya mwimbaji, nyingine hukwaruza masikio. Hivyo basi, kanuni ya kwanza ni kwamba fedha ianzie kwenye hedifoni. Vituo viwili vya mwanzo viguswe tu pale vinapoonyesha dalili ya ugonjwa.

Dalili ya kwanza: mvumo

Ndani ya kasha la kompyuta mna pawa saplai, feni na kadi ya picha, na vyote hutoa kelele za umeme. Tundu la hedifoni lililoko mbele ya kasha huunganishwa na bodi kuu kwa waya mwembamba unaokatiza katikati ya kelele hizo. Dalili yake inatambulika kwa urahisi. Muziki ukiwa umezimwa na sauti imepandishwa, husikika mlio wa chinichini unaobadilika puku inaposogezwa au picha zinapohama kwenye skrini.

Dawa ya kwanza haina gharama: pini ihamishiwe kwenye tundu la nyuma, lililoko kwenye bodi yenyewe. Mlio ukiendelea, dawa ya pili ni kigeuzi kidogo cha USB, ambacho hufanya kazi ya chipu na amplifaya nje ya kasha. Kifaa hiki si lazima kiwe ghali. Mwaka 2018 Apple ilianza kuuza kiunganishi cha USB-C chenye tundu la hedifoni kwa dola 9, na ndani yake mna kigeuzi kamili ambacho wapimaji wamekikuta na sauti safi. Kompyuta isiyo na tundu la USB-C huhitaji kipachiko cha kubadilishia.

Kwa studio inayounganisha kompyuta na mixa, mvumo unaweza kutokana na vifaa kupata umeme kwenye soketi zilizo mbali mbali. Kuvichomeka vyote kwenye soketi moja mara nyingi huutuliza. Kukata pini ya erthi ili mvumo uishe, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, ni hatari kwa maisha.

Dalili ya pili: sauti kuwa ndogo

Hapa ndipo wauzaji wengi hukosea, kwa sababu hedifoni hazilingani katika haja yake ya umeme. Chukulia mbili zinazofahamika katika studio: Sony MDR-7506, iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, yenye ukinzani wa omu 63, na Sennheiser HD 600 ya mwaka 1997, yenye omu 300. Zikipewa volti moja kila moja, ya kwanza hufikia takriban desibeli 118 na ya pili desibeli 97. Sikio huhesabu kila ongezeko la desibeli 10 kuwa sauti imekua karibu maradufu. Kwa tundu lile lile, basi, moja husikika kwa ukubwa unaokaribia mara nne ya nyingine.

Maana yake kibiashara ni kwamba mnunuzi wa HD 600 anaweza kuhitaji amplifaya, hasa kwa muziki uliorekodiwa kwa sauti ya chini. Mnunuzi wa MDR-7506 akiuziwa amplifaya hiyo hiyo, ametupa fedha. Tena anaweza kujidhuru: Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo muda huo unavyopungua upesi.

Liko pia jambo la ukinzani wa tundu lenyewe. Baadhi ya matundu ya kompyuta yana ukinzani wa omu 75 au zaidi. Hedifoni ya omu 32 ikichomekwa hapo, hupata asilimia 30 tu ya volti iliyotolewa. Salio hupotelea njiani, na kwa baadhi ya hedifoni mlingano wa besi na sauti za juu nao hubadilika. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Mnunuzi wa kigeuzi anapaswa kuangalia takwimu hiyo kabla ya kusoma maneno ya sifa yaliyoandikwa kwenye boksi.

Dalili ya tatu: sauti kubadilika ghafla

Malalamiko mengine huletwa na wenye hedifoni zisizo na waya. Muziki unasikika vizuri, lakini mkutano ukianza sauti inakuwa kama ya simu ya zamani. Hedifoni haijaharibika. Kwa mfumo wa kawaida wa Bluetooth, kipaza sauti kinapofunguliwa njia ya mawasiliano hugawanywa, na sauti inayosikilizwa hushushwa hadi vipimo 8,000 au 16,000 kwa sekunde badala ya 44,100. Dawa ni kutumia kipaza sauti kingine, au hedifoni ya waya. Muuzaji anayelieleza hili kabla ya kupokea fedha hataletewa mzigo urudi.

Aidha, programu za kompyuta mara nyingi huwa na vikolezo vya sauti vilivyowashwa bila mtumiaji kujua. Kuvizima ni bure. Ipo vilevile programu ya bure iitwayo Equalizer APO, ya kompyuta zenye Windows, ambayo huweza kupunguza besi iliyozidi au kuinua sauti iliyofifia. Kwa mteja mwenye hedifoni ya wastani, marekebisho hayo huweza kumfaa kuliko kadi yoyote mpya.

Bei si kipimo

Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Akustika ya Marekani matokeo ya kupima aina 283 za hedifoni. Hakukuta uhusiano kati ya bei ya rejareja na namna hedifoni zilivyogawa sauti za chini, za kati na za juu. Yaani, mlaji anayelipa zaidi anaweza kuwa ananunua ngozi laini, jina, au uimara wa bawaba. Hayo yana thamani yake, lakini hayampi uhakika wa sauti bora.

Funzo la kadi za ndani

Mwenye mtaji mdogo na ajifunze kwa Creative Technology ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo mwaka 1981. Kadi yake ya Sound Blaster, iliyotoka mwaka 1989, ilifanywa kuwa kipimo cha soko wakati kompyuta nyingi zilitoa milio ya vidude tu. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia soko la Nasdaq, Marekani.

Kisha kazi ya kadi ikahamia kwenye bodi kuu. Intel ilitoa utaratibu wa AC'97 mwaka 1997, ukafuatiwa na HD Audio mwaka 2004, na sauti ikawa sehemu ya bei ya kompyuta. Mwaka 2007 Windows Vista ikaondoa njia ambayo kadi zilitumia kufanya hesabu za sauti zenyewe, na mwaka huo huo Creative ikajiondoa Nasdaq kwa hiari. Kampuni haikufa, lakini kadi ya ndani iliacha kuwa bidhaa ya lazima. Anayejaza kadi hizo rafuni leo ananunua mali inayotafutwa na wachache.

Hesabu ya rafu

Chukulia, kwa mfano tu, mwenye duka ana mtaji wa shilingi 2,000,000. Akinunua kadi za ndani 10 kwa shilingi 200,000 kila moja na kupata faida ya shilingi 50,000 kwa kila kadi, jumla ni 500,000. Zikitoka mbili kwa mwezi, fedha hiyo inakuja kwa miezi mitano, sawa na shilingi 100,000 kwa mwezi.

Akigawa mtaji huo kwa vigeuzi 20 vya shilingi 40,000 na hedifoni 8 za shilingi 150,000, na kupata faida ya shilingi 10,000 na 30,000, jumla ni 440,000. Kwa kutazama juu juu, hiyo ni pungufu. Lakini mali hiyo ikiisha kwa miezi miwili, faida ni shilingi 220,000 kwa mwezi, na mtaji umerudi mkononi kuzunguka tena. Kila mmoja aweke bei za duka lake, lakini swali libaki lile lile: mali inatoka kwa muda gani?

Kilichobaki ni meza ya majaribio. Kompyuta moja ya zamani, kigeuzi kimoja na hedifoni mbili tatu zinatosha, mteja akiruhusiwa kuja na yake. Sharti ni moja: sauti zilinganishwe zikiwa na ukubwa sawa, kwa maana kifaa chenye sauti kubwa kidogo sikio hukidhania kuwa bora. Muuzaji anayepandisha sauti ya kifaa cha ghali ili kukipendekeza atauza siku hiyo. Mteja naye atagundua akifika nyumbani, na risiti anayo.