Ukali wa Samaki Mwenyeji na Uingizaji wa Mwenzi Mpya: Sato Wazazi katika Mabwawa ya Shinyanga na Geita

Makala haya yanaeleza sababu zinazomfanya samaki mwenyeji amshambulie mwenzi mpya anayewekwa pamoja naye, na namna mfugaji anavyoweza kupunguza madhara ya mashambulizi hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba samaki wa namna hiyo hulinda mahali. Kwa hiyo, mfugaji anapaswa kuanza kwa kupanga upya mahali penyewe kabla ya kufikiria kubadilisha samaki.

Swali hili limezoeleka zaidi kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, hususani samaki wa anemoni wa jenasi ya Amphiprion, ambao katika mwambao wa Afrika Mashariki wanawakilishwa na spishi kama Amphiprion akallopisos na Amphiprion allardi. Samaki hawa hukomaa kwanza wakiwa madume. Aliye mkubwa kuliko wote katika kundi hugeuka jike, naye huitawala anemoni kwa kuwatisha na kuwang'ata walio chini yake. Mwaka 1977 Fricke na Fricke walionesha kuwa ukali huo ndio unaowazuia wadogo wasigeuke majike. Aliyekwisha kuwa jike harudi kuwa dume. Anayeweka pamoja majike wawili waliokomaa, basi, ameandaa vita isiyo na suluhu, ilhali mgeni mdogo, ambaye bado hajawa jike, huweza kukubaliwa kwa kuwa hujinyenyekeza.

Shinyanga na Geita ziko mbali na bahari. Hata hivyo, tatizo lilelile humkuta mfugaji wa sato, yaani Oreochromis niloticus, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba kwa sato mwenyeji mkali ni dume. Sato dume huchimba kiota cha mviringo kwenye sakafu ya bwawa na kukilinda. Jike hufika, hutaga, huyachukua mayai kinywani na kuondoka. Malezi yote ni yake. Ziwani, jike ambaye hajawa tayari kutaga huogelea akaenda zake. Ndani ya tangi la lita 1,000 hana pa kwenda. Dume humfuata akimng'ata mapezi, ubavu na mdomo, na kulipokucha mfugaji humkuta jike akielea, mapezi yamechanika na magamba yametoka. Hasara hiyo ni nzito zaidi Shinyanga, ambako mabwawa na malambo mengi hutegemea mvua, na kiangazi humlazimu mfugaji kuwahamishia matangini wazazi wachache aliobakiza. Anayepoteza majike hao kabla ya mvua hupoteza pia vifaranga vya msimu unaofuata.

Kabla ya kumwingiza jike, ni lazima kumkagua. Jike aliye tayari huwa na tumbo lililojaa, na kinundu chake cha uzazi huvimba na kuwa chekundu. Asiye na dalili hizo atengwe na kulishwa vizuri kwa wiki moja au mbili. Kumkosea jike katika hatua hii ndicho chanzo cha vifo ambavyo wafugaji wengi huvihusisha na "dume mbaya". Baada ya kuwaunganisha, yatazamwe macho. Utafiti wa Volpato na wenzake wa mwaka 2003 ulionesha kuwa jicho la sato aliyeshindwa huwa jeusi. Jike ambaye macho yake yamekuwa meusi na amejibana pembeni juu ya maji aondolewe mara moja. Kusubiri "wazoeane" ni kumwua.

Kuhusu mahali, kanuni ya msingi ni kutomleta mgeni katika himaya iliyokwisha kumilikiwa. Majike watangulie kuwekwa, na dume aingizwe baadaye, au wote wahamishwe kwa pamoja kwenye tangi ambalo hakuna aliyewahi kuchimba kiota ndani yake. Ikiwa tangi hilo linajazwa maji ya bomba, kama yale yatokayo Ziwa Victoria hadi Kahama na Shinyanga, yaachwe wazi siku moja au mbili ili klorini ipungue. Dume mmoja apewe majike wawili au watatu wanaokaribiana naye kwa ukubwa: mashambulizi yakigawanyika, hakuna anayebeba yote. Vipande vya mabomba au matofali yenye matundu viwekwe ili anayekimbizwa apate pa kujificha.

Njia nyingine ni kuwatenganisha kwa wavu kwa siku kadhaa ili waonane bila kufikiana. Njia hii hufaa katika maji maangavu. Seehausen, van Alphen na Witte, katika utafiti wao wa mwaka 1997 kuhusu furu wa Ziwa Victoria, walionesha kuwa maji yakikosa uangavu, utambuzi wa mwenzi kwa rangi hudhoofika. Maji ya malambo yetu ni ya tope, na wavu ndani yake hautarajiwi kufanya kazi kubwa ya kuwajulisha kwa macho. Kwa sababu hiyo, utengano wa namna hii ufanyike katika tangi au katika kizimba cha wavu kilichotegwa penye maji yaliyotulia. (Wataalamu hukiita kizimba hicho "hapa", jina linalomchanganya kila Mswahili anayelisikia kwa mara ya kwanza.)

Baadhi ya vituo vya uzalishaji hukata sehemu ya mdomo wa juu wa dume ili asiweze kujeruhi. Mbinu hiyo hupunguza majeraha, lakini haigusi chanzo chake, kwani dume huendelea kufukuza. Kwa maoni ya mwandishi, itumike tu pale ambapo mengine yote yameshindikana, na samaki alazwe kwanza kwa dawa ya usingizi, kwa mfano mafuta ya karafuu yaliyochanganywa na maji kwa kipimo sahihi.

Jike akishatia mayai kinywani, aondolewe taratibu na kuwekwa peke yake. Katika siku hizo hali chakula kama kawaida, na dume aliyebaki kiotani huendelea kumsumbua.