Tovuti nyepesi: mwenye simu ndogo na mega kidogo anapashwa kufikiriwa wa kwanza

Katika miji ya Goma, Bukavu ao Kalemie, watu wengi wanaingia kwenye intaneti kwa njia ya simu, si kwa kompyuta. Wananunua mega za siku ao za juma, na wanachaji simu wakati umeme uko. Kwa wakaaji hawa, tovuti nzito na yenye kuchanganya si jambo la uzuri ao ubaya. Ni feza zinazoisha mbele ya jibu kupatikana.

Hesabu yake si nguvu. HTTP Archive, mradi unaopima uzito wa tovuti ulimwenguni, ulionyesha kama mwishoni mwa mwaka 2010 ukurasa wa kawaida ulikuwa chini ya nusu megabaiti. Leo ukurasa wa kawaida umepita megabaiti 2. Mwenye kununua megabaiti 100 hafikishi hata kurasa 50 za namna hiyo. Na uzito huo hauletwi na maneno, kwa sababu maandishi ya habari nzima ni kilobaiti chache tu. Unaletwa na picha kubwa, video zinazoanza zenyewe, matangazo, na programu ndogo-ndogo zinazofuatilia kila kitu msomaji anachobonyeza.

Watu 6 siku ya kwanza

Hata inchi tajiri zimelipa bei ya kosa hili. Tarehe 1 Oktoba 2013, serikali ya Marekani ilifungua HealthCare.gov, tovuti ya kusaidia raia kupata bima ya afya. Hati zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kama siku ile ya kwanza ni watu 6 tu waliofaulu kujiandikisha mpaka mwisho.

Makosa ya ufundi yalikuwa mengi, lakini moja lilieleweka na kila mtu: mgeni alilazimishwa kufungua akaunti kwanza mbele ya kuona bei. Aliyetaka kununua na aliyetaka kuangalia tu, wote walisongamana kwenye mlango mmoja, na mlango ukaziba. Mafundi walifanya kazi mpaka mwisho wa mwezi Novemba ili tovuti ianze kutumika vizuri.

Uingereza: jibu kwanza, mapambo baadaye

Mwaka mmoja mbele, Uingereza ilikuwa imechagua njia ingine. Wizara na idara zake zilikuwa na tovuti kwa mamia, kila moja na sura yake. Oktoba 2012 ilizindua GOV.UK, iliyokuja kuzikusanya mahali pamoja. Kanuni ya kwanza ya watengenezaji wake ni hii: kuanza na mahitaji ya mtumiaji, si mahitaji ya serikali.

Mwenye kutafuta siku ya mapumziko inayofuata anaikuta juu kabisa, kwa herufi kubwa, bila kusoma utangulizi wowote. Fomu nyingi zinauliza ulizo moja kwa kila ukurasa, ili mtu asiogope. Mwaka 2013, jumba la Design Museum la London liliipa GOV.UK zawadi ya ubunifu bora wa mwaka, ingawa haina mapambo karibu hata kidogo.

Fomu isiyomjua Mkongomani

Kwetu, shida inaanzia mara nyingi kwenye fomu. Mkongomani ana majina matatu kwenye makaratasi yake: nom, postnom na prénom. Fomu nyingi zilizotengenezwa ngambo zina nafasi za majina mawili tu. Mmoja anaacha postnom, mwingine anaibandika kwenye prénom, na siku ya kulinganisha na kadi ya uchaguzi ao diploma, majina hayapatane. Mwanafunzi anayeomba buruse anaweza kukataliwa kwa ajili ya kisanduku kimoja kilichokosekana.

Kuna pia nambari ya posta. Fomu inaitaka kwa lazima, lakini nyumba ya hapa inajulikana kwa avenue, kata na komine. Asiyejua la kufanya anaandika sifuri nyingi, ao anaacha kabisa.

Mtu akishindwa, anaenda kulipa kijana wa duka la kuchapisha makaratasi amjazie. Kufanya vile, anamwachia pia anwani ya barua pepe na neno lake la siri. Kwa hiyo tovuti ngumu inakula mega, na inamlazimisha mtu kutoa siri zake kwa asiyemfahamu.

Mambo ya kufanya

Mtengenezaji wa tovuti anaweza kuanza na mambo machache:

- Kuweka juu kile watu wanachokuja kutafuta: bei, tarehe, saa za kazi, nambari ya simu. Picha ya mkurugenzi na neno lake la kukaribisha vinaweza kungoja chini.
- Kupunguza ukubwa wa picha, na kuacha video mpaka mtu mwenyewe aibonyeze.
- Kuweka vitufe ambavyo kidole kinaweza kugusa bila kukosea. Kanuni za WCAG 2.2, zilizotolewa mwaka 2023, zinaomba angalau pikseli 24 kwa 24, na Apple inashauri alama 44.
- Kuacha herufi za kijivu juu ya nyeupe. Chini ya jua la saa sita hakuna anayezisoma.
- Kuuliza katika fomu kile tu kinachohitajika, na kuhifadhi yaliyokwisha kujazwa kama rezo inakatika.
- Kuandika kwa luga ya wasomaji. Katiba ya 2006 inatambua Kifaransa kuwa luga rasmi, pamoja na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa luga za taifa. Lakini tovuti nyingi za idara zinasema Kifaransa tu.

Kupima kama kazi imefaulu hakuombi feza nyingi. Mwaka 2000, mtaalamu Jakob Nielsen alieleza kama kujaribu na watu 5 tu kunatosha kuvumbua sehemu kubwa ya matatizo. Watu hao wanapatikana bila kwenda mbali: mama muuzaji wa soko la Virunga ao la Kadutu, mwalimu, dereva wa pikipiki, mzee mwenye miwani, mwanafunzi.

Wapewe simu ya kawaida na kazi moja ya kufanya, kisha mtengenezaji anyamaze na kutazama. Kila pahali wanaposimama na kuuliza, ni tovuti inayopashwa kurekebishwa, si wao.