Mikunjo ya Tao katika Somo la Duara

Mwalimu mwanafunzi mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha, aliingia darasani na umbo zuri la karatasi lililofanana na tandiko la farasi. Alieleza hatua, wanafunzi wakafuata. Kipindi kilipokwisha kila mmoja alikuwa na tandiko lake, na hapana hata mmoja aliyeweza kusema kwa nini karatasi ilipinda hivyo. Nami niliyekuwa nikimkagua, nakiri, nilimpa alama nzuri.

Zoezi lenyewe si geni. Josef Albers, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus huko Ujerumani tangu 1923 hadi ilipofungwa mwaka 1933, aliwapa wanafunzi wake karatasi tupu waitafutie maumbo, na duara zilizokunjwa ni miongoni mwa kazi zilizotokana na mafunzo hayo.

Mwanafunzi achore kwa bikari, juu ya manila, duara kadhaa zenye kitovu kimoja. Ya nje iwe na nusu kipenyo cha sm. 10, ya ndani sm. 3. Ile ya ndani ikatwe ibaki tundu. Mistari ipitishwe ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kisha ikunjwe kwa zamu, mmoja juu, wa pili chini, polepole kuzunguka duara nzima. Mwenye haraka huichana.

Hapo mwalimu anyamaze, agawe uzi na rula. Mzingo wa ukingo wa nje ulikuwa sm. 63 hivi, na bado ni uleule, kwa kuwa karatasi hupinda lakini haivutiki. Upana wa pete, uliokuwa sm. 7, ndio uliopungua. Tuseme sasa ni sm. 5: ukingo uko kama sm. 8 kutoka kitovuni, na duara bapa ya kipimo hicho yahitaji mzingo wa sm. 50 tu. Sentimeta 13 zilizozidi zitakwenda wapi? Mezani hazina nafasi. Hupanda upande huu na kushuka upande ule, na hilo ndilo tandiko.

Wasukume umbo kwa kidole, walione likirudi. Manila ileile ikiwa bapa hulegea. Darasa lenye paa la mabati ya migongo lina mfano wa pili juu ya vichwa vyao.

Siku hizi alama nazitoa kwanza kwa maelezo ya uzi, hata tandiko likiwa limechanika. Kazi hii haitoshi kipindi kimoja. Vitengwe viwili vinavyofuatana.