Kumfunza mtoto kuomba: Utamwambia nini mvua isiponyesha?

Saa mbili usiku, stima imepotea na joto la Lodwar halijapungua hata kidogo. Tumetandika mkeka nje, kama nusu ya mji huu inavyofanya, na mpwa wangu wa miaka mitano amekataa kufunga macho.

"Nikifunga sitaona Mungu akikuja," ananiambia.

Wewe ungemjibu nini? Mimi sikuwa na jibu. Nikamwambia basi yaache wazi. Akaomba akiwa ameyakodoa kuelekea kile kilima chenye sanamu ya Yesu aliyenyoosha mikono, ingawa gizani haionekani. Akamtaja mama yake, paka wa jirani na soda. Amina. Akalala.

Kabla hujaniuliza kijana kama mimi ananifunza nini kuhusu watoto, ngoja nikueleze. Dada yangu hufanya kazi zamu za usiku. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwisha, nikarudi nyumbani, na sasa naishi kwa kuandika huku na vibarua kule. Usiku wa zamu mimi ndiye mama, ndiye baba, ndiye katekista. Najua wengi mnaosoma ukurasa huu hamna watoto. Lakini mna wapwa, mna wadogo zenu, na siku moja mtu atawaambia "ombeni na watoto kabla walale" halafu aende zake. Hapo ndipo utajipata unakuna kichwa.

Sisi tulifunzwaje? Tuseme ukweli, wengi wetu kwa fimbo. Baba Yetu ilikaririwa kama jedwali la kuzidisha. Ukiruka neno, unarudi mwanzo. Ukicheka, unapiga magoti kwenye changarawe. Nilijua Baba Yetu na Salamu Maria kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na sikuwa na habari ninaongea na nani. Sisemi kukariri ni kubaya, bana. Siku ya mazishi, kichwa kikiwa kimeganda, maneno uliyokariri ndiyo hukubeba. Shida ni kuishia hapo.

Huyu mdogo wetu alinionyesha. Tulipofika sehemu ya mkate akanisimamisha. "Mbona tunaomba mkate na sisi tunakula ugali?" Nikamweleza kwamba kule Yesu alikoishi, mkate ndio ulikuwa ugali wao. Akanyamaza. Kesho yake, pale pale kwenye mkate, akaongeza "na ugali na samaki," bila kucheka. Dada yangu alishtuka, akaniuliza mtoto amefunzwa nini. Mimi niliona ameelewa.

Kaka yake, ambaye sasa ana miaka tisa, alianzia kwingine. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona. Julai yaliporuhusiwa kufunguliwa, masharti yalikuwa ibada isizidi saa moja wala watu 100, na walio chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani. Sande skuli zikabaki zimefungwa. Hebu fikiria: mtoto na nyanya, wale wawili ambao kwa kawaida hawakosi kanisani, ndio walioambiwa wakae. Kwetu wakawekwa pamoja. Mtoi alipelekwa kwa nyanya yangu upande wa Lorugum, na huko ndiko alikofunzwa kuomba.

Nyanya ni Mkatoliki aliyebatizwa akiwa mtu mzima. Wamisionari Wakatoliki walipoingia Turkana mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wa njaa, walikuta watu ambao tayari walikuwa wakimwita Mungu, Akuj, na kumwomba mvua. Maombi yale ya zamani hayakuwa ya mtu mmoja kufumba macho na wengine kusinzia. Mzee alisimama, wengine wakaketi, akataja jambo moja: mvua, mifugo, amani, watoto. Wote wakaitikia kwa pamoja. Akataja lingine, wakaitikia. Kwa desturi hiyo ilikuwa kazi ya wazee wa kiume chini ya mti. Nyanya alijipa mwenyewe, na nyumbani kwake hakuna aliyemuuliza.

Kwa hivyo jioni, mbuzi wakishaingia zizini, alisema jambo moja na watoto wakajibu "Na iwe!" kwa sauti kama ya uwanjani. Kisha kila mtoto alipewa zamu yake, na wakubwa wakamwitikia yeye. Jaribu hiyo kwenu. Mtoto wa miaka minne akisikia watu wazima wanaitikia neno alilolisema, anajua kwamba limesikika. Hahitaji mahubiri. Na yote huchukua kama dakika tatu, maana zaidi ya hapo utakuwa unawaombea watu waliolala.

Jambo moja nyanya hakuruhusu ni ile tabia yetu ya kumshtaki mtoto mbele za Mungu. Unaijua. "Ee Mungu, msaidie fulani aache kukojoa kitandani." Mtoto anajua kabisa hapo anasemwa, na kwamba Mungu ametumiwa kama mwalimu wa zamu.

Sasa tufike kwa lile gumu, ambalo ndilo limenifanya niandike.

Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua ilikosa kunyesha inavyopaswa msimu baada ya msimu, misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 ukame ukatangazwa janga la kitaifa. Mpwa wangu akaenda shule Lodwar lakini kila likizo alirudi Lorugum, na kila jioni zamu yake ilikuwa ile ile: mvua, halafu mbuzi. Aliwataja kwa majina. Februari 14, 2023, wakati wengine wenu Nairobi mlikuwa mkitafuta maua mekundu, siku hiyo ilikuwa imetengwa nchi nzima iombee mvua. Kijana wetu naye akaomba.

Mvua ikaja Machi. Lakini kati ya mbuzi aliowataja kwa majina, hakuna hata mmoja aliyeiona.

"Mungu alichelewa," akasema. Zamu yake ilipofika akanyamaza.

Kuna mtu mzima aliyekuwepo, sitamtaja, akamwambia labda hakuomba kwa imani. Hapo nilikasirika hadi nikatoka nje. Kwa sababu maneno hayo nayajua. Karo yangu iliombewa nyumba nzima, kwa kufunga na kukesha. Ilipokosa kufika, nikaambiwa sikuamini vya kutosha. Nilikaa miaka miwili bila kuomba chochote, hata kabla ya kula. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilivunjika. Wewe unamwambia mtoto wa miaka saba kwamba mbuzi wamekufa kwa sababu ya imani yake ndogo? Huo ni mzigo gani?

Nyanya hakumtetea Mungu. Alimwambia, "Usiniambie mimi amechelewa. Mwambie mwenyewe." Kijana akamtazama kuona kama ni mtego. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, kwamba amechelewa na mbuzi wote wamekufa. Kukawa kimya. Kisha nyanya akaitikia, peke yake kwanza, halafu sisi wote tukafuata.

Nilikuwa nimesoma Zaburi shuleni na sikuwahi kugundua kwamba nyingi ni watu wanaomlalamikia Mungu. Hatuwafunzi watoto hizo. Tunawafunza shukrani na maombi ya vitu, halafu siku ya msiba hawana neno la kutumia.

Usidhani nimepata dawa, lakini. Mwaka 2025 nilipanda Probox na rafiki yangu hadi Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, alikokuwa akipeleka mizigo. Kambi ile ilianzishwa 1992, wavulana waliokimbia vita vya Sudan walipofika, na leo utawapata humo watu wa Sudan Kusini, Kongo, Burundi, Ethiopia na Somalia. Tulikaribishwa kwa mama mmoja Mkongomani. Ulikuwa mwaka ambao mgao wa chakula ulipunguzwa, na sahani ilionyesha. Kabla ya kula, kila mtoto alitaja jambo moja zuri aliloliona siku hiyo. Mmoja alitaja mpira, mwingine mvulana aliyeanguka kwenye matope, wakacheka mbele za Mungu bila wasiwasi. Hakuna aliyeomba chakula.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini wasiombe, na njaa wanaijua?"

"Mambo ya chakula ni ya sisi wakubwa," akaniambia. "Mutoto asiibebe. Mimi nitaomba wakilala."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Nyanya angemwacha mtoto aseme njaa yake. Mama huyu anaificha ili mtoto asije akahesabu siku ambazo Mungu hakujibu. Moyo wangu uko kwa nyanya, maana watoto huiona sahani, utawaficha nini? Lakini mimi sijawahi kulaza watoto watano njaa, kwa hivyo nanyamaza. Kitu kimoja nimekichukua kwake: madeni yangu siyaombei tena mbele ya watoto. Hayo nayasema wakishalala.

Kijana wetu alikaa karibu miaka miwili akiitikia tu. Hatukumlazimisha. Zamu yake ilifika, tukangoja kidogo, tukaendelea. Siku moja mvua ilinyesha, laga ya Kawalase ikajaa maji na watu wakakwama ng'ambo, mama yake akiwa miongoni mwao. Usiku huo alisema sentensi moja, kwamba mama avuke. Nikaitikia kwa sauti hadi jirani akauliza kuna nini. Sikutia neno lingine, wala sikumkumbusha alfajiri mama yake alipoingia na viatu mkononi. Alijua mwenyewe.

Wiki iliyopita, mkekani, zamu yangu ilipofika nilifanya kama kawaida: usingizi mwema, amani mjini, amina. Akanikatiza.

"Anko, wewe hutaki kitu?"

"Nataka."

"Nini?"

"Kurudi chuo."

"Uliomba?"

"Niliomba zamani. Haikufika."

Akafikiri kidogo. Dada yake alikuwa amelala chali, macho wazi, akingoja.

"Basi mwambie amechelewa," akasema.

Nikamwambia. Wakaitikia wote wawili.